Ukuta wa Bi Harusi

Takaungu, Ijumaa, 21 Machi 1986

Kila masika mimi huanza daftari jipya. Ni mazoea ya ukarani. Shamba la mkonge nililofanyia kazi miaka kumi na saba lilitaka kujua mvua imenyesha siku gani na kwa muda gani, na nilipostaafu mimi, mkono haukustaafu. Nilitaka basi ukurasa huu wa kwanza uwe wa mawingu. Hautakuwa.

Baada ya sala ya Ijumaa nilipita nyumba ya marehemu Bi Harusi kuona ukarabati umefika wapi. Mradi wa Nyumba Kongwe umeikodi kwa bintiye, Zuleikha, ili iwe mahali pa wageni kutazama mambo ya zamani. Paa lote limefunuliwa na boriti zimelazwa uani. Nilikwenda moja kwa moja chumba cha ndani. Ukuta wa zidaka, vile vishubaka vya kuwekea vyombo, upo. Ule unaoukabili, wa maandishi, umeparwa hadi kwenye mawe, na nusu yake imeshapigwa lipu ya simiti, mbichi, ya kijivu.

Fundi Mahadhi alikuwa amekaa juu ya mfuko wa simiti anakula muhogo.

"Mahadhi, yako wapi maandishi?"

"Yako nje, Ami." Akaonyesha kifusi mlangoni. "Niliambiwa lipu mbovu yote itoke. Nikamwambia fomeni, hii si mbovu, ni kongwe. Akaniuliza tofauti yake ni nini."

"Nawe ukasemaje?"

"Nikaendelea kupara. Nina watoto sita."

Niandike ukuta ule ulikuwa nini, maana sasa hakuna pengine palipoandikwa. Bi Harusi, na mamaye, na mama wa mamaye, waliandika pale kwa wino wa masizi na herufi za Kiarabu kila aliyezaliwa na kila aliyefariki ndani ya nyumba ile: jina, siku, mwezi, mwaka. Wageni hawakuandikwa. Mimi na mke wangu Jaha tulikuwa wageni. Tulikimbia kwetu, upande wa visiwa vya kaskazini, mwaka 1964, wakati mashifta walipokuwa wakivamia vijiji, tukiwa na godoro moja na mtoto mmoja, na Bi Harusi akatupa ukumbi wake. Mwaka uliofuata surua ilimchukua mtoto huyo, Mwanakheri, miaka minne, mimi nikiwa Malindi natafuta kazi. Niliporudi alikuwa ameshazikwa na jina lake liko ukutani. Watu wa ukoo walinung'unika. Bi Harusi aliwajibu mara moja tu: "Aliyefia ndani ya nyumba ni wa nyumba." Alikuwa mfupi yule bibi, mstari wenyewe ulikuwa usawa wa bega langu.

Ilikuwa mwezi wa Mfunguo Mosi, ule unaofuata Ramadhani. Kila mwaka Idd ikipita nilikwenda kuisoma tarehe, na siku yake ikifika nikamsomea hitima. Sikuiandika popote. Mtu haandiki kilichokwisha kuandikwa.

Leo nikirudi nyumbani nilitaka kujitajia siku ile. Ikanijia kumi na mbili. Nilipofika mlangoni kwangu ilikuwa ishirini na moja.

Jumamosi, 22 Machi

Nimechambua kifusi tangu asubuhi hadi adhuhuri. Nimepata kipande cha lipu ukubwa wa kiganja, chenye herufi moja na nusu ya nyingine. Ya nani, sijui.

Jumapili, 23 Machi

Nimeandikia gazeti. Nimepasua karatasi tatu. Barua iliyobaki haina tusi hata moja, na kwa hiyo inauma zaidi. Nimesema kwamba wanaotengeneza nyumba kwa ajili ya wageni wameanza kwa kuwafuta wenye nyumba. Kwamba simiti haipatani na mawe ya matumbawe, na kila fundi wa pwani analijua hilo. Kwamba ukuta ule ulikuwa daftari la watu waliokufa, na daftari halitengenezwi kwa patasi. Nimetia jina langu lote.

Jumanne, 25 Machi

Joto. Hakuna wingu.

Alhamisi, 3 Aprili

Barua imetoka, na mhariri ameipa kichwa kisichokuwa changu: SIMITI JUU YA MAREHEMU. Dukani wanaisoma kwa sauti. Zuleikha amekuja mwenyewe na sahani ya mahamri imefunikwa kawa.

"Shikamoo, Ami Jaafar. Umesema nililoshindwa kusema."

"Marahaba, mwanangu. Ulishindwa kwa nini?"

"Nilitia sahihi. Mwenye kutia sahihi hana mdomo." Kisha akacheka kidogo. "Lakini nawe pia, Ami. Si wewe uliyewatembeza wapimaji wa Mradi mwaka jana, chumba kwa chumba, na koti lako la Idd, mkapigwa picha kama maharusi?"

Ni kweli. Niliona fahari. Miaka ishirini na miwili mji huu unaniita mgeni kwa heshima zote, na siku ile waliniuliza mimi.

Jumanne, 8 Aprili

Mvua ya kwanza, alfajiri, kama nusu saa. Waandishi wawili wamekuja kutoka Mombasa, mmoja wa gazeti la Kiingereza. Wamepiga picha kifusi. Fomeni Musyoka, ambaye mpaka leo alikuwa akinisalimu, alinifuata hadi njiani.

"Mzee, umetuharibia jina."

"Lenu ni moja tu, Bwana Musyoka. Nyinyi mmeharibu majina mangapi?"

Alitazama viatu vyake vyenye tope. Si mtu mbaya. Anatoka Machakos, anajua kujenga shule na zahanati, na amepewa karatasi inayosema lipu mbovu itolewe.

Jumapili, 13 Aprili

Mvua. Sikutoka.

Jumatano, 16 Aprili

Magazeti matatu sasa. Limo na la Nairobi. Wafadhili walioko ng'ambo wamesimamisha fedha mpaka waelezwe, na kazi imesimama. Hapa mjini tumefurahi siku mbili. Leo, siku ya tatu, mvua ilinyesha tangu saa nane usiku hadi saa tano mchana, na nyumba ya Bi Harusi haina paa.

Nilikwenda na mwavuli. Musyoka na Charo, mlinzi wa usiku, walikuwa wanavuta turubali moja juu ya vyumba vitatu. Maji yalikuwa yakiteremka ukuta wa zidaka, na zidaka mbili za juu zimekwisha kuanguka. Zile hakuna aliyezipara. Nimesimama pale na mwavuli wangu mzima kichwani. Barua yangu ndiyo iliyosimamisha kazi.

Sikumwambia mtu. Zuleikha ananitolea salamu mtaani kama kwamba nimerudi kutoka Hija.

Jumatatu, 21 Aprili

Mvua. Kidaka cha tatu.

Jumatatu, 28 Aprili

Leo nimepata mgeni kutoka Nairobi, mwanamke wa miaka kama thelathini na mitano, viatu mkononi kwa sababu ya tope, faili kifuani.

"Shikamoo, Mzee. Naitwa Monicah. Mimi nafanya kazi ya uhusiano mwema katika Mradi. Nimetumwa kwa sababu yako."

"Marahaba. Nilidhani watanitumia polisi."

"Polisi ni rahisi zaidi. Hao hawaombi chai."

Nikampa kahawa, chai sikuwa nayo. Alikunywa kikombe cha kwanza akakunja uso, akaomba cha pili. Aliniambia wazi alichokuja kufanya: kuwapeleka waandishi wa magazeti kuitazama nyumba, kuwapa chakula cha mchana, kuchapisha kijitabu chenye picha, na kufanya sherehe ya ufunguzi. Na barua.

"Hiyo barua yako nimeisoma mara tatu, Mzee. Ofisini wananiambia nitafute mtu wa kuijibu. Nimezunguka. Sijaona mwingine anayeandika namna hiyo."

"Unataka nijijibu?"

"Nataka ujimalizie. Ulianza tu."

"Kazi yako ni kuwaambia watu uongo, Bi Monicah?"

Hakukasirika. "Hapana. Kazi yangu ni kuhakikisha kuna mtu mwingine anayezungumza pia. Gazeti haliwezi kurudisha ukuta. Lakini likiendelea hivi, pesa hazirudi, na hiyo mvua unaiona wewe kuliko mimi. Wewe ndiye unayeandika siku zake."

Daftari hili lilikuwa mezani. Nililifunga. Nikamwambia sina la kuandika zaidi ya nililoliandika. Alivaa viatu vyake mlangoni, akashukuru kwa kahawa, akaondoka. Adabu yake ilinitia hasira zaidi ya ufidhuli.

Jumamosi, 3 Mei

Amerudi. Safari hii alikuja na sukari yake.

"Mzee, niliuliza Nairobi. Wale wapimaji wa mwaka jana walipiga picha kila ukuta kabla kazi haijaanza. Ziko kwa faili."

Nilikuwa nimeshika birika. Niliiweka chini.

"Na ule wa ndani? Wa maandishi?"

"Kila ukuta, Mzee. Maandishi yako salama. Hilo ndilo nataka watu wajue, na wewe ndiye wa kuwaambia, wewe uliyesema yamepotea."

Hakuweka sharti. Nataka niandike hivyo kwa haki: hakusema nipe barua nikupe picha. Mimi ndiye niliyesema. Nilisema, "Nikiandika, nitaipata nakala yangu?" Akasema nitaipata mkononi mwake. Nikauliza lini. Akasema kabla ya Idd, Inshallah, akalitamka vibaya, nikamsahihisha.

Hakuniuliza picha naitakia nini, wala sikumwambia. Nitamwambiaje mtu, hata mgeni, kwamba nina mvua za miaka ishirini katika madaftari, siku kwa siku, na siku ya kufa mwanangu sinayo?

Jumapili, 4 Mei

Sikuandika.

Alhamisi, 8 Mei

Nimeandika. Nimesema niliyoyaona, kwamba kazi ikisimama mvua inabomoa kuliko patasi, na hilo ni kweli. Nimesema Mradi umekiri kosa la simiti, jambo ambalo Bi Monicah ameniambia. Kisha nimeandika: "Maandishi yote ya ukuta yamehifadhiwa kwa picha, wala hakuna jina lililopotea."

Sijaziona hizo picha. Miaka kumi na saba sikuwahi kutia sahihi chini ya mzigo wa mkonge ambao sikuuona ukipimwa. Mara moja meneja alinisukumia karatasi mezani, nikamwambia nenda kanitoe kazini kwanza.

Jumamosi, 10 Mei

Mwezi umeonekana. Mosi Ramadhani. Mvua kidogo magharibi.

Jumatano, 14 Mei

Mchana kutwa mvua. Sinia la futari kutoka kwa Zuleikha, kama kila mwaka tangu Jaha alipofariki: uji wa mtama, muhogo wa nazi, kaimati nane. Picha haijafika.

Jumatano, 21 Mei

Barua ya pili imetoka, ukurasa wa tano, mahali pazuri, ndani ya kisanduku. Kila neno ni langu ila yale ya mwisho. Chini ya jina langu wameongeza: Mzee wa Mji wa Takaungu.

Msikitini baada ya alasiri mzee mmoja wa ukoo wa Bi Harusi alisema, bila kugeuka, na kila mtu akasikia, "Mji huu umepata mzee, na sisi wenyewe hatujaarifiwa."

Wakacheka. Nami nilicheka, kwa sababu asiyecheka hapo huwa amekubali.

Magharibi nilingoja sinia. Niligundua kuwa nimetandika mkeka. Nilifungua kwa tende na maji.

Alhamisi, 22 Mei

Tende.

Jumamosi, 24 Mei

Nilikutana na Zuleikha kisimani. Nilimsalimu mimi kwanza, jambo lisilo la kawaida.

"Ami, walikulipa nini?"

"Sikulipwa kitu, Zuleikha."

"Basi umefanya bure?" Alijitwisha ndoo. "Hilo ni baya zaidi. Mwenye kulipwa tunamjua alikuwa na njaa."

Ningeweza kumwambia pale pale. Mamaye ndiye aliyemuosha Mwanakheri. Lakini ningelazimika kusema kwamba nimesahau, na kumwambia hivyo mtoto wa Bi Harusi, ambaye mamaye aligombana na ndugu zake kwa ajili ya mstari ule, sikuweza. Afadhali anione nimenunuliwa.

Jumatano, 28 Mei

Kazi imeanza tena. Mabati ya muda juu ya chumba cha ndani. Fedha zimerudi. Mvua haiingii tena kwenye zidaka; zimebaki tisa kati ya kumi na mbili. Nimeyaandika haya ili niyasome nikijilaumu. Nimeyasoma. Hayasaidii sana.

Picha haijafika.

Jumatatu, 2 Juni

Waandishi kumi na wawili waliletwa kwa basi dogo kuitazama nyumba. Chakula kilikuwa mchana, mwezi wa Ramadhani, kwa hiyo wenyeji hawakualikwa, au walialikwa kwa namna hiyo. Bi Monicah alinipungia mkono kwa mbali. Nilikwenda hadi kwenye basi.

"Picha, Bi Monicah."

"Iko kwa mchapishaji, Mzee, wanaitumia kwa kijitabu. Ikitoka tu."

"Uliniahidi kabla ya Idd."

"Na bado ni kabla ya Idd." Akagusa mkono wangu. "Sijakusahau. Unajua magazeti mangapi yameandika vizuri wiki hii? Manne. Ni wewe huyo."

Jumatatu, 9 Juni

Idd. Koti la kijivu. Nimepewa mikono na watu wote, kwa sababu siku ya Idd mtu hupewa mkono. Zuleikha alimtuma mtu na sahani ya tambi, hakuja mwenyewe. Nilikula nusu.

Mosi Mfunguo Mosi. Zimebaki siku kumi na moja, au ishirini.

Jumamosi, 14 Juni

Nimekwenda kumtazama Mahadhi kazini. Lipu ya simiti imekauka, imepakwa nyeupe, na mahali pa maandishi chumvi imeshatokeza kama ukoma.

"Ukuta unatoka jasho, Ami," akasema. "Mawe haya yamekunywa bahari, nayo simiti imeyaziba pumzi. Yule bibi wa Nairobi ameagiza tupake rangi kila Ijumaa mpaka siku ya ufunguzi. Baada ya hapo, kila mtu na Ijumaa yake."

"Wewe ungefanyaje?"

"Chokaa. Uichome, uiloweke shimoni mwaka mzima, uisahau kabisa, ndipo uitumie. Lakini nani ana mwaka?"

Sijui kwa nini nilimwambia yeye. Labda kwa kuwa mkono wake ndio uliofanya, sikuwa na haya mbele yake. Nilimweleza: Mwanakheri, mstari, kumi na mbili au ishirini na moja. Alishusha mwiko.

"Ami, kama ningalijua..."

"Ungalipara."

"Ningalipara." Alifikiri. "Lakini ningaliusoma kwanza. Kusoma si kitu, nilitoka chuoni na juzuu zangu zote. Sikutazama tu. Nilikuwa natazama patasi."

Akaufuta mwiko kwa kiganja. Kisha akasema, kwa upole, "Soma siku zote mbili. Mungu anajua ipi ni ipi."

"Mungu anajua, Mahadhi. Asiyejua ni mimi, na mimi ndiye baba yake."

Jumatano, 18 Juni

Barua kwa mkono wa dereva: "Mzee, picha utapata siku ya ufunguzi, tarehe 28. Nataka ikushangaze. Monicah." Tarehe ishirini na nane! Nimempa dereva jibu: niletewe kabla ya Ijumaa, tafadhali, ni jambo la dini. Dereva alilitia mfukoni bila kulikunja.

Ijumaa, 20 Juni

Kumi na mbili Mfunguo Mosi. Picha haijafika.

Tangu asubuhi nilikuwa nimeutoa msahafu na kuuweka juu ya rehali. Nilikuwa na ubani. Nilikwenda makaburini nikang'oa majani juu ya jiwe lake, kaburi ninalijua, kaburi halina tarehe. Nikarudi nikakaa mbele ya msahafu. Kama si leo, nikisoma leo nitakuwa nimekisia, na mwanangu si mvua, kwamba nikose siku niandike "takriban". Nikasema nitangoja picha. Ikiwa ni ishirini na moja, itakuwa imefika kwa wakati wake, siku moja kabla.

Niliufunga msahafu jua lilipozama. Kama ilikuwa leo, imepita, na ni mara ya kwanza katika miaka ishirini na mmoja.

Manyunyu. Masika yanakwisha.

Jumatano, 25 Juni

Kavu. Wanapaka rangi tena, na leo si Ijumaa.

Jumamosi, 28 Juni

Nitaandika kwa utaratibu.

Saa nne mgeni rasmi alifika. Watoto wa shule waliimba. Zuleikha alikaa mstari wa kwanza na buibui jipya, amenyoosha shingo. Mwenye nyumba hawezi kukaa nyuma. Mimi niliwekwa jukwaani. Bi Monicah alizungumza vizuri, akasema kosa lilitokea na wazee wa mji wakalisema bila woga, na Mradi ukasikiliza. Watu walipiga makofi. Nikaona jinsi alivyofanya kazi yake. Hakuifuta barua yangu ya kwanza. Aliitia ndani ya hadithi yao ikawa mlango wao wa kuingilia, na mimi ndiye komeo.

Kisha utepe, kisha tukaingia. Chumba cha ndani kimepakwa jana, kinanuka rangi. Juu ya ukuta ule, katikati, kuna kitu kikubwa kimefunikwa kitambaa cha kijani.

"Mzee Jaafar," Bi Monicah akasema, na uso wake ulikuwa na furaha ya kweli, sitamdhulumu kwa hilo, "hii ni yako. Tafadhali fungua."

Nikavuta kitambaa.

Ni picha ya ukuta, imekuzwa ukubwa wa mlango, ndani ya kioo. Safi. Herufi zote zinasomeka. Upande wa kulia, mama wa mama yake Bi Harusi na watoto wake saba. Juu, kaka zake. Kushoto, chini, Bi Harusi mwenyewe, 1399 ya Hijria, kwa mkono wa mtu mwingine. Na mbele ya ukuta amesimama mzee aliyevaa koti la kijivu, kifua mbele, anacheka.

Niliitafuta sehemu yangu. Nilianza juu nikashuka, kama nilivyozoea. Nilisoma: Mwanakheri binti Jaafar, alifariki usiku wa. Hapo linaanza bega.

Sikuwahi kuulizwa nisimame wapi. Nilikumbuka sasa. Mwenye kamera alisema tu, "Mzee, simama karibu, uonekane urefu wa ukuta." Nikasimama ninaposimama siku zote nikiingia chumba kile, na bega usawa wake.

"Umetoka vizuri, Mzee!" alisema Bi Monicah. "Ndiyo ya mbele ya kijitabu."

"Kuna nyingine?" nikamuuliza. "Ya ukuta huu. Nyingine yoyote."

"Ukuta huu ni hiyo moja. Nilichagua hiyo kwa sababu una mtu. Ukuta bila mtu hausemi kitu."

Mgeni rasmi alinipa mkono. Kamera zilituwakia, na nadhani katika picha hizo pia nimesimama pale pale.

Walipotoka kwenda kula, Zuleikha alibaki. Alikuwa amekaribia kioo, anawasoma watu wake mmoja mmoja kwa kidole, midomo inatikisika. Alifika kwa mamaye akatulia hapo. Kisha kidole kikaja katikati, kikasoma, Mwanakheri binti Jaafar, alifariki usiku wa, kikagonga koti. Akanitazama mimi, akatazama picha, akanitazama tena. Nilijua amefahamu yote: barua, tende, na kwa nini nilikubali kuonekana nimenunuliwa.

Hakusema pole. Aliweka kiganja juu ya kioo, juu ya bega la yule mzee anayecheka, kama mtu anayeomba njia kwenye msongamano.

"Sogea kidogo, Ami," akaiambia picha. "Sogea kidogo."

Jumapili, 29 Juni

Ishirini na moja Mfunguo Mosi. Nimesoma hitima. Zuleikha alikuja na Mahadhi, wakaketi, wakaitikia. Alileta sinia. Hakuna aliyesema kama ni siku yenyewe.

Mahadhi anasema chumvi imeanza kutokeza nyuma ya fremu, hayatafika masika mengine kabla ya kioo kupata ukungu. Nilimwambia aiache.

Mvua: hakuna. Nimehesabu, tangu tarehe nane Aprili zimekuwa siku arobaini na tatu za mvua, na nina saa za kila moja.

Dereva ameniletea bahasha ya vijitabu, kumi, zawadi, na salamu kutoka kwa Bi Monicah. Vimechapwa elfu mbili, vitapelekwa hotelini Malindi, Watamu na Mombasa, na vingine ng'ambo kwa wafadhili. Katika vyote elfu mbili nimesimama pale pale.